Kosher si chakula kilichoombewa

Wengi hudhani chakula cha kosher, yaani kinachoruhusiwa na sheria ya dini ya Kiyahudi, ni kile kilichoombewa na rabi, mwalimu wa dini hiyo. Sivyo. Neno lenyewe maana yake ni "kinachofaa", na hakuna dua ya kumfanya nguruwe afae. Kambale naye hapiti, hata akiombewa usiku kucha: hana magamba. Sato anapita.

Rabi akienda kiwandani, kazi yake ni kusoma orodha ya viambato, kuchungulia mapipa na kuuliza mafuta yametoka wapi. Mwaka 1935, rabi Tobias Geffen wa Atlanta, Marekani, aliidhinisha Coca-Cola baada ya kubainika kuwa ilikuwa na gliserini ya mafuta ya wanyama. Kampuni ikahamia ya mimea, ndipo akakubali.

Nyumbani nako ni hivyohivyo. Nyama na maziwa havichanganywi, kwa hiyo wanaoshika sheria hii (si Wayahudi wote) huwa na sufuria za nyama na nyingine za maziwa. Chai ya maziwa baada ya pilau ya nyama? Subiri kwanza, wengine hungoja kwa muda wa saa sita.

Dua zipo, lakini huzisema mlaji mwenyewe, akimsifu Mungu kabla ya kuonja. Chakula chenyewe hakibadiliki.