Ufa au njia ya mchwa? Akili mnemba mbele ya kuta za udongo za Tabora

Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ndilo walilofikia mwandishi wa habari Stanley na mmisionari Livingstone Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka Machi. Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Wageni wakifika huuliza habari hizo, nazo zina utamu wake. Sisi wa uhifadhi tukifika mahali kama pale, swali letu la kwanza ni moja: paa likoje?

Tembe kwa asili lina kuta nene za udongo na paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Mvua za huku huanza kama Novemba zikaendelea hadi Aprili. Paa likibonyea kidogo tu, maji yanatuama, yakituama yanapenya, boriti inaoza, na ukuta unaoibeba unaanza kupasuka kutokea juu. Ukija kuuona ufa ukiwa umesimama chini, ugonjwa umeshakomaa. Zamani ilibidi mtu apande akaangalie, na kupanda paa la udongo lililochoka ni kumhatarisha mtu na paa lenyewe.

Droni, au ndege nyuki kama wengi wanavyoiita, imeondoa ulazima huo. Inaruka kwa mistari iliyopangwa, ikipiga picha zinazopandana kwa asilimia 70 hadi 80. Programu inazitafuta nukta zilezile kwenye picha tofauti, inakokotoa kamera ilikuwa wapi kila ilipopiga, kisha inatoa umbo zima la jengo unaloweza kulipima kwenye kompyuta. Kwa kamera za kawaida, ukirusha kwa mita 30, nukta moja ya picha ni karibu sentimita moja ya paa. Ukisogea hadi mita 5, inakuwa milimita moja na kitu. Picha za juu zinatosha kuonyesha paa lililobonyea. Ufa mwembamba kama unywele hazitauona, hata muuzaji wa droni akuapie.

Faida kubwa iko kwenye kurudia. Piga Oktoba kabla ya mvua, piga tena Mei zikishakwisha, ukitumia alama zilezile zilizowekwa ardhini na kupimwa vizuri, halafu linganisha. Bila alama hizo huwezi kujua kama paa limeshuka au ni vipimo vyako vilivyoyumba.

Tatizo linalofuata ni wingi. Jengo moja laweza kutoa picha mamia, na jicho la mtu huchoka mapema. Hapo ndipo akili mnemba inapoingia: kompyuta inapewa picha ambazo watu wameshaziwekea alama, huu ufa, huu ukungu, hapa lipu imebanduka, mpaka ijifunze kuvitambua yenyewe kwenye picha mpya. Haijui kingine zaidi ya ilichoonyeshwa. Sasa hazina moja ya picha za nyufa inayojulikana sana, SDNET2018 ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah nchini Marekani, ina picha zaidi ya 56,000, na zote ni za zege. Programu iliyolelewa kwenye zege ukiileta mbele ya ukuta wa udongo, kivuli cha tawi la mwembe kitaitwa ufa.

Chukulia njia ya mchwa. Ni mstari wa udongo wenye upana wa penseli, unapanda kutoka msingini, unapindapinda, unagawanyika, unapotelea chini ya boriti. Kwenye picha bapa unafanana kabisa na ufa. Tofauti ni kwamba ufa umezama ukutani, na njia ya mchwa imetuna. Kwa hiyo programu inayosoma kina pamoja na rangi ina nafasi nzuri zaidi ya kuzitenganisha. Na ni lazima zitenganishwe, maana tiba zake ni mbali na mbali. Ukiziba njia ya mchwa kwa udongo ukadhani umeziba ufa, wao wanaendelea kula boriti ndani kwa raha zao.

Kufundisha kompyuta kwa picha za kwetu kunawezekana. Mwaka 2018, picha za droni zilizopigwa kutengeneza ramani ya Zanzibar zilitumika kwenye shindano la kuifundisha kompyuta kutambua nyumba kutoka angani, na kutofautisha iliyokamilika, inayojengwa na iliyo kwenye msingi. Ila kutambua kwamba nyumba ipo na kujua afya ya kuta zake ni kazi mbili. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, iliporomoka huko huko Zanzibar ikiwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki.

Kwa maoni yangu, mtu wa kwanza kuitwa kuziwekea picha alama awe fundi mzee anayejua kukanda udongo na kuchagua miti, akae na kijana wa kompyuta meza moja. Fundi huyo atakuonyesha pia kitu ambacho hakuna droni itakayokwambia: lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Inapendeza mwaka wa kwanza. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, ukuta unalainika nyuma ya lipu, na siku lipu inapobanduka inaondoka na nyama ya ukuta. Kamera ya joto yaweza kutoa dalili, kwa sababu pabichi hupoa kwa mwendo tofauti na pakavu, lakini tafadhali msisubiri kamera. Kuta za udongo hupakwa udongo au chokaa.

Kuhusu kurusha droni, huhitaji kujaribu bahati: kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kinahitajika, pamoja na cha wizara yenye dhamana ya ulinzi.

Wenye simu tu nao wana kazi. Ukiona ufa kwenye jengo la kale mtaani kwako, weka sarafu ya shilingi mia kando yake bila kugusa ufa wenyewe, simama uelekee ukuta moja kwa moja, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali, andika tarehe. Mvua zikiisha, rudi upige pale pale, kisha peleka picha zote kwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri yako.