Kwa nini reli ya kwanza ndani ya Uganda iliishia Namasagali, wala si Kampala?

Ile iliyoitwa Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikomea Kisumu mwaka 1901. Kisumu wakati huo ilihesabiwa kuwa Uganda, lakini mwaka uliofuata ikahamishiwa upande wa Kenya. Kwa mipaka ya leo, basi, reli ya kwanza ya Uganda ni ile ya Busoga, ya mwaka 1912. Ilitoka Jinja, ikapita Mbulamuti, ikaishia Namasagali, ukingoni mwa Nile, wilaya ya sasa ya Kamuli. Kampala ilisubiri.

Sababu ni mto wenyewe. Nile ikishatoka Ziwa Victoria hapo Jinja, wakati huo iliteremka kwa maporomoko juu ya maporomoko, Bujagali, Itanda na mengine, na meli haikuweza kupita. Karibu na Namasagali maji hutulia, na chombo kinaweza kwenda mpaka Ziwa Kyoga. Reli ilijengwa kuyazunguka hayo maporomoko.

Mzigo uliotafutwa ulikuwa pamba. Lifuate robota moja kutoka Teso, mashariki mwa Uganda: linapakiwa melini Kyoga, linashushwa Namasagali, linapanda behewa hadi Jinja, linashushwa, linavushwa Ziwa Victoria hadi Kisumu, kisha treni tena mpaka Mombasa. Kila liliposhushwa palihitajika mabega ya watu. Ndiyo asili ya Namasagali: makuli wa gatini, mafundi wa meli, makarani, wa kukaza mataruma, wenye maduka, na wapishi wa kuwalisha wote hao. Walitoka makabila mengi, na kwenye kazi za reli Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Hata Waganda treni wanaiita eggaali y'omukka, yaani gari la moshi, neno kwa neno.

Abiria wa mbali nao walipita hapo. Aliyekwenda Sudan alipanda meli Namasagali hadi Masindi Port, akashuka kwa sababu mbele kuna maporomoko ya Karuma na Murchison, akaenda kwa gari hadi Butiaba, kisha meli nyingine Ziwa Albert. Mimi nikitazama ramani hushangaa jinsi kijiji kidogo kiasi hicho kilivyoshika njia ndefu namna hiyo.

Kilichokipa uhai ndicho kilichokuja kukinyima. Mwaka 1928 reli kutoka Kenya ilipitia Tororo ikaungana na ya Busoga pale Mbulamuti. Mwaka 1929 tawi la Tororo likafika Soroti, na pamba ya Teso haikuhitaji tena kuvuka Kyoga. Mwaka 1931 daraja la Jinja likaipeleka treni Kampala. Namasagali ikabaki pembeni, ingawa meli ziliendelea.

Pigo la mwisho lilitoka mbinguni. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zilipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache, Kyoga nayo ikajaa, gati likafurika, na safari za meli zikakoma. Butiaba nayo ilizama hivyo hivyo.

Mwaka 1965 shule ya sekondari ilianzishwa Namasagali katika majengo yaliyoachwa na reli. Leo Chuo Kikuu cha Busitema nacho kina kampasi hapo, na wanafunzi wanafika kwa barabara.