Jua la Tabora Halipasui Tairi: Dhana Potofu Kuhusu Matairi ya Gari

Mwenye gari anayeishi Tabora hupita kwenye barabara za namna mbili kwa siku moja. Lami ndefu iliyonyooka kuelekea Nzega au Urambo humwezesha kwenda kasi kwa muda mrefu bila kusimama, na akiiacha kuingia vijijini hukutana na changarawe, mashimo na visiki. Mazingira hayo yanadai matairi yaliyochaguliwa kwa makini, lakini ushauri mwingi unaotolewa madukani na stendi ni wa kupokezana tu, na baadhi yake unahatarisha maisha ya abiria. Naanza na ule ambao, kwa maoni yangu, una madhara kuliko mwingine wote.

Dhana: Msimu wa joto, au kabla ya safari ndefu, upepo upunguzwe ili tairi lisipasuke.

Ukweli ni kinyume kabisa. Wanaosema hivyo wanajua kwamba hewa hutanuka ikipata joto, na hapo hawajakosea. Wanachokosea ni kudhani kwamba mtengenezaji hakulifikiria jambo hilo. Tairi likiwa safarini upepo wake hupanda kwa takriban psi 4 hadi 6 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), na tairi zima limeundwa kuvumilia zaidi ya hapo. Kinacholiua ni upepo mdogo. Tairi lenye upepo pungufu hulala, ubavu wake hukunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, na kukunjika huko huzalisha joto kali ndani ya mpira wenyewe, mpaka mpira unaanza kuachana na nyuzi zinazoushikilia. Ukiongeza mwendo wa kasi na mzigo wa magunia, tairi hupasuka au kashata zake, yaani meno ya mpira yanayogusa barabara, hubanduka zote kwa pamoja. Ikitokea mwezi wa Oktoba saa nane mchana, lawama zote huenda kwa jua.

Anayetaka ushahidi asimame karibu na fundi wakati tairi lililokimbizwa likiwa na upepo mdogo linapotolewa kwenye rimu. Ndani yake humwagika unga mweusi wa mpira, na kwenye ubavu kwa upande wa ndani huonekana mstari uliosagika ukilizunguka tairi zima. Tairi la namna hiyo halifai kuzibwa wala kurudishwa barabarani, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Kipimo sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko katika fremu ya mlango wa dereva, na katika baadhi ya magari nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi huandika kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, na 220 kPa ni karibu sawa na psi 32. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi hilo, si kipimo cha gari lako. Upepo hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea. Anayelipunguza tairi la moto ili lirudi kwenye 32 atakuta limepungukiwa likishapoa.

Dhana: Tairi jipya ni lile ambalo halijawahi kuvaliwa.

Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa bila kazi. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipoacha kuzalisha, matairi mengi tunayonunua yametoka ng'ambo, yakapita melini na katika maghala ya Dar es Salaam kabla ya kupandishwa lori au treni kuja huku magharibi, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwa macho yamekaa muda gani njiani. Umri wa tairi husomwa ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, katika tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, angalia upande wa pili, kwa sababu mara nyingi tarakimu hizo huchapwa upande mmoja tu. Watengenezaji wengi hushauri tairi likifika miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu litengenezwe liondolewe bila kujali linavyoonekana. Kwa matairi yaliyoanikwa juani barazani mwa duka kwa miezi mingi ningekuwa mkali zaidi, kwa kuwa mionzi ya jua hukausha mpira na kuufanya uchanike nyufa ndogondogo. Rangi nyeusi inayong'aa, ambayo wauzaji wengine huipaka, huzificha nyufa hizo. Lifute tairi kwa kitambaa chenye maji kabla ya kutoa fedha.

Dhana: Mtumba wa Japani ni imara kuliko tairi jipya la bei nafuu.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Japani kuna theluji, na sehemu ya matairi yanayofika kwetu, pekee au yakiwa yamevaliwa na gari lililoagizwa, ni ya majira ya baridi. Ubavuni huandikwa STUDLESS, au huwa na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, na kashata zake zimechanjwa mistari mingi myembamba. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili usigande kwenye baridi. Ukiuleta kwenye lami ya moto ya Nzega huisha upesi, na gari huchelewa kusimama breki zinapokanyagwa. Mtumba pia haukupi historia yake: hujui kama uliwahi kukimbizwa bila upepo, wala kama nyuzi zake zilikatika kwenye ukingo wa barabara. Kwa fedha ileile ningenunua tairi jipya lisilo na jina kubwa, lenye tarehe ya karibuni na namba sahihi ya mzigo.

Namba hiyo ya mzigo nayo inahitaji maelezo, kwa sababu ipo dhana kwamba ukubwa ukilingana, mengine hayana maana. Chukua tairi la 195/65R15 91H: 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, 15 ni inchi za rimu, na H ni kasi isiyozidi kilomita 210 kwa saa. Ile 91 ndiyo inayosahaulika. Maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. Tairi la ukubwa uleule lenye 95 hubeba kilo 690, na la Hiace lenye 107 hubeba kilo 975. Mwenye Noah ya abiria anayepanga mizigo juu ya gari asishuke chini ya namba iliyopangwa na mtengenezaji wa gari lake.

Dhana: Tairi hubadilishwa likishakuwa kipara.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijiti vidogo vya mpira vilivyoinuka. Kashata zikiisha hadi kulingana navyo, zimebaki milimita 1.6, na hapo tairi limekwisha. Kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili ni busara kubadilisha zikiwa bado milimita 3, kwa sababu mifereji hiyo ndiyo inayoondoa maji chini ya gurudumu. Isipoweza, tairi huelea na usukani hautii. Nundu ubavuni ni amri ya kubadilisha siku hiyohiyo, kwa kuwa nyuzi za ndani zimekatika. Tairi likiliwa kingo zote mbili, lilikosa upepo. Likiliwa katikati, lilijazwa kupita kiasi. Likiliwa upande mmoja, gari linahitaji alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, kabla hujalivisha tairi jipya, vinginevyo nalo litaliwa vivyo hivyo.

Dhana: Ukinunua mawili, mapya yakae mbele.

Mapya yakae nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele pakiteleza dereva huhisi kwenye usukani na anaweza kupunguza mwendo, lakini nyuma pakiteleza kwenye kona yenye maji gari hugeuka kabla hajafanya lolote.

Tairi la akiba nalo huzeeka na kupoteza upepo likiwa chini ya buti. Barabara ya kutoka Sikonge kwenda Mpanda hupita msituni kwa mwendo mrefu, na si mahali pa kugundua jambo hilo. Likiwa ni lile jembamba la muda, hujazwa psi 60 na haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, hadi utakapomfikia mziba pancha.