Urubani wa kijeshi: yanayosemwa mitaani na yaliyo kweli

“Pata kwanza leseni ya kiraia, ndipo jeshi likuchukue.”

Hapana. Mzazi anayeuza shamba kule Bungoma kwa ajili hiyo anaumia bure. Kadeti (mwanafunzi wa uafisa) wa Jeshi la Wanahewa la Kenya huanzia chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, pamoja na wenzake wa nchi kavu na wa majini: gwaride, silaha, kusoma ramani, kuongoza watu. Huwa afisa kwanza, urubani ukafuata. Husoma darasani hali ya hewa, uabiri (kutafuta njia angani), injini, sheria za anga na tiba ya anga, kisha hupanda ndege ndogo ya mafunzo, mkufunzi akiwa kando. Akishaweza kuruka peke yake, huja sarakasi za angani, kuruka kwa kutegemea vyombo vya vipimo badala ya kutazama nje, kuruka usiku na kuruka kwa kundi. Baada ya hapo ndipo marubani hugawanywa kwenye ndege za kivita, za uchukuzi na helikopta. Pesa za shamba zingefaa zaidi kumlipia mtoto karo ili asome vizuri hesabu na fizikia.

“Ukivaa miwani, basi tena.”

Hutegemea nchi na ukubwa wa kasoro. Kutotofautisha rangi ndiko kikwazo kikubwa zaidi. Taa ya bawa la kushoto ni nyekundu na ya kulia ni kijani, na usiku rubani husoma mwelekeo wa ndege nyingine kwa rangi hizo. Mtoto apimwe macho mapema, angali shuleni.

“Mwenye kifua kipana ndiye anayestahimili nguvu za G.”

Hapa ndipo vijana wa mazoezi hukosea sana. G ni kipimo cha uzito anaouhisi rubani ndege ikipinda ghafla: G 1 ni uzito wake wa kawaida, G 2 ni mara mbili. Ndege ya kivita aina ya F-5, ambayo Kenya imeitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ina kikomo cha takriban G 7.3. Kwa G 7, mtu wa kilo 70 hukandamizwa kitini kama mwenye kilo 490, na kichwa pamoja na kofia, tuseme kilo 6, huilemea shingo kama kilo 42. Damu hukimbilia miguuni. Macho huanza kushindwa: rangi hufifia, uwezo wa kuona hubanwa kama mtu anayechungulia kwenye bomba, kisha giza. Ubongo una akiba ya oksijeni ya sekunde chache tu, na ikiisha rubani huzimia ndege ikiendelea kwenda kasi.

Suti maalumu hujaa hewa na kubana tumbo na miguu, lakini msaada wake ni wa G 1 hadi 1.5 hivi. Kazi iliyobaki ni ya mwili: kukaza mapaja, makalio na tumbo *kabla* ya kuvuta usukani, kufunga pumzi, na kuibadilisha haraka kila baada ya sekunde 3. Kosa la kawaida ni kuchelewa kukaza, au kulegea ili kujibu redio. Rubani mrefu huumia zaidi kwa kuwa moyo wake uko mbali na ubongo, na aliyekosa maji mwilini au usingizi hupoteza ustahimilivu wake. Ndiyo maana miguu yenye nguvu, shingo imara na chupa ya maji vina faida kuliko kifua.

“Helikopta ni za waliofeli.”

Dhana hii inakera, hasa katika nchi yenye miinuko kama yetu. Nakuru iko karibu futi 6,000 juu ya bahari. Kwa kimo hicho joto la kawaida la hesabu za anga ni nyuzi 3. Mchana ukifika nyuzi 26, kila nyuzi iliyozidi huongeza takriban futi 120, na helikopta hufanya kazi kana kwamba iko futi 8,800. Kisumu, kwenye futi 3,700 na nyuzi 30, hupanda hadi kama futi 6,400. Hewa ni nyepesi, rafadha (mapanga yanayozunguka juu) hushika kidogo, injini hutoa nguvu pungufu.

Mtego wenyewe ni huu: helikopta iliyojaa huinuka vizuri mita moja, kwa sababu hewa inayosukumwa chini hugonga ardhi na kuisaidia. Ikisogea kupita ukingo wa mlima, msaada huo hukatika. Rubani akilazimisha nguvu zaidi, mzunguko wa rafadha hushuka na chombo huzama. Hesabu ya uzito hufanywa kabla ya injini kuwashwa.

“Cheo kikipanda, unaruka zaidi.”

Ni kinyume. Kuanzia meja, meza huanza kumeza muda. Jenerali Francis Ogolla wa Siaya aliingia jeshini 1984, akarusha F-5, akawa kamanda wa Wanahewa 2018 na Mkuu wa Majeshi 2023. Alipofariki Aprili 2024 katika ajali ya helikopta, alikuwa na takriban miaka 40 kazini, na sehemu kubwa ya miaka ya mwisho ilikuwa ya uongozi. Meja Jenerali Fatuma Ahmed, aliyekabidhiwa Jeshi la Wanahewa 2024, hakutokea kwenye urubani.

“Ukistaafu, kesho yake uko kwenye ndege ya abiria.”

Leseni ya kiraia hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, kwa mitihani yake na kipimo cha afya cha daraja la kwanza. Leseni ya juu ya rubani wa ndege za abiria hudai saa 1,500 za kuruka, zikiwemo 100 za usiku na 75 za kuruka kwa vyombo. Rubani wa ndege za kivita hukwama hasa kwenye jumla, maana safari zake ni za saa moja moja, na maandalizi pamoja na tathmini huchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Daftari la saa za kuruka lipigwe muhuri kila mwezi, na nakala zitolewe kabla ya kurudisha vifaa vya jeshi. Ahesabu pia umri: kwenye ndege za abiria zenye marubani wawili mwisho ni miaka 65, na baada ya 60 kipimo cha afya hurudiwa kila miezi 6.