Agizo la mdomo kwenye saiti

Katika miradi ya ujenzi ninayofanyia kazi kama mkadiriaji majenzi, mabadiliko makubwa hayanisumbui sana. Mteja akitaka kuongeza ghorofa, vikao huitishwa na gharama hupigwa kabla ya mtu yeyote kushika sepetu. Yanayotafuna bajeti ni yale madogo yanayotamkwa watu wakizunguka saiti: "Fundi, huo mlango usogezeni mita moja kushoto." Kwa kuwa aliyesema ni mwenye mradi, fundi huitikia na kazi huendelea.

Tuufuate mlango huo. Lenta, ile boriti ya juu ya mlango, iliyokwisha kumwagwa zege hupasuliwa, nondo husukwa upya, na bomba la nyaya lililofukiwa ukutani kwa ajili ya swichi huhamishwa. Fundi umeme hukosa pa kuanzia, na wapiga plasta wanaomfuata humsubiri. Mwisho wa mwezi, ninapopima kazi ili kuandaa hati ya malipo, ninakuta ukuta usiolingana na mchoro wala BOQ (orodha ya vipimo na bei za kazi), na hakuna karatasi inayoonyesha nani aliagiza. Mkandarasi anadai alipwe, mwenye mradi anasema hakuambiwa kuwa kuna gharama, na wote wawili wanasema kweli.

Mkataba wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, wa mwaka 1999, ule wenye jalada jekundu, una njia ya kuzuia hali hiyo, na nasikitika kwamba wengi huusaini bila kuisoma. Kwa mujibu wa kifungu cha 3.3, mkandarasi hupokea maagizo kwa mhandisi au msaidizi aliyekabidhiwa mamlaka hayo, hivyo neno la mwenye mradi halina budi kupitia kwa mhandisi kwanza. Mhandisi akiagiza kwa mdomo, mkandarasi ana siku 2 za kazi za kulithibitisha agizo kwa maandishi. Mhandisi asipojibu kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi tangu aupokee uthibitisho huo, uthibitisho wenyewe huhesabika kuwa agizo la maandishi. Kifungu cha 13.3 nacho humruhusu mhandisi kuomba pendekezo kabla ya kuagiza, likieleza kazi yenyewe, athari yake kwa ratiba na thamani yake. Hapo ndipo mwenye mradi hupata nafasi ya kuujua mlango wake utamgharimu kiasi gani, na mara nyingi huamua ubaki ulipo.

Baada ya hapo kinachobaki ni ufuatiliaji. Ninatunza daftari moja lenye namba ya kila ombi, tarehe, aliyeomba, gharama, siku zitakazoongezeka na uamuzi, pamoja na maombi yaliyokataliwa, kwa sababu ombi lililokataliwa bila kuandikwa hurudi kikao kijacho likiwa jipya. Daftari hilo hulisoma sambamba na salio la fungu la dharura: ikiwa nusu ya fungu imekwisha na jengo bado liko kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, naomba kikao wiki hiyohiyo, wala sisubiri hati ya malipo inayofuata.