Daktari wa familia akiwa zamu ya dharura

Kliniki ilinizoesha kuutumia muda kama dawa. Mtu akija na kikohozi cha siku tatu, nampima, namweleza la kufanya, na tunaagana kwamba arudi wiki ijayo tuone. Nikiwa zamu katika idara ya dharura, wiki ijayo haipo. Mgonjwa simjui na pengine sitamwona tena. Swali la kwanza linageuka: ni nini hapa kinachoweza kumuua usiku huu?

Chukua maumivu ya kifua. Kliniki, mengi huwa ni misuli au kiungulia. Maneno yaleyale yakitoka kwa mtu aliyekimbilia dharura, uwezekano wa moyo unapanda, ndiyo maana kipimo cha umeme wa moyo kinatakiwa kifanyike na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu afike. Kikiwa safi na maumivu bado yapo, kirudiwe. Mzee, mwanamke au mwenye kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila kifua kumuuma kabisa. Anahema tu, anatoka jasho, anasikia kichefuchefu. Mazoea ya kliniki ya kudhani ni jambo la kawaida ilinibidi niyavue mlangoni.

Hata hivyo, si kila kitu cha kliniki huvuliwa. Usiku mmoja aliletwa bibi mwenye kizunguzungu. Presha 108 kwa 64, mapigo ya moyo 70 kwa dakika. Kwenye karatasi alionekana salama, akawekwa pembeni asubiri. Nilimwamkia, nikamuuliza presha yake huwa ngapi. "Mia na sitini, mwanangu, haishuki hiyo." Nikaomba mfuko wake wa dawa, nikaumwaga kitandani: bisoprololi ya moyo, na diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuchubua tumbo, aliyokuwa akimeza kila siku kwa ajili ya magoti. Nikamuuliza choo kikoje. Cheusi kama lami, siku ya pili sasa.

Alikuwa anavuja damu tumboni. Mapigo hayakupanda, kama yapandavyo mtu akipoteza damu, kwa sababu bisoprololi iliyazuia, na ile 108, kwa mtu aliyezoea 160, ilikuwa presha iliyoporomoka. Tulimwekea njia mbili za mishipa, tukaagiza damu, tukamwita daktari wa kamera ya tumbo. Kuuliza "kawaida yako ni ipi?" nilikuzoea kliniki.

Lakini kusikiliza vizuri hakutoshi mgonjwa anapoacha kupumua. Kufungua njia ya hewa, kumchoma mwenye mzio mkali adrenalini kwenye msuli wa paja bila kusitasita, kumwongoza muuguzi na msaidizi wakati wa kushtua kwa umeme moyo uliosimama: mikono husahau isipofanya. Kanada daktari wa familia anaweza kuongeza mwaka 1 wa mafunzo ya dharura juu ya yale aliyomaliza. Naona ni haki ya mgonjwa kwamba tunaopangiwa zamu hizi tupewe nafasi ya namna hiyo, badala ya kutupwa humo na koti jeupe tu.

Na wale ninaowaruhusu kwenda nyumbani? Simwachii mtu aondoke na "ukizidiwa rudi". Namtajia dalili zenyewe, kisha namwomba anirudishie kwa maneno yake. Akikwama, nakaa tena.