Kabla hujaifanya ruta kuwa kitovu cha nyumba janja, uliza ina redio gani

Wateja wangu wengi siku hizi wananiuliza swali hili: nikinunua ruta ambayo boksi lake linasema ni kitovu cha nyumba janja, bado nahitaji kile kisanduku cha pembeni cha kuunganishia taa na vitasa? Mimi hutazama kwanza kama karatasi ya vipimo imeandika Zigbee au Thread, aina mbili za mtandao usio na waya wa vifaa vidogo vya nyumbani. Zote mbili zinatumia redio ya aina moja, kiwango cha IEEE 802.15.4 kwenye masafa ya 2.4 GHz, ila siku utakapobadilisha ruta utaona tofauti yake.

Nyumba nyingi ninazofunga mtandao hapa Dar es Salaam zilianza na balbu na soketi za Wi-Fi kutoka Kariakoo, maana ni za bei nafuu na hazidai kitovu. Zikiwa tano, hakuna shida. Zikifika thelathini, ruta ndogo uliyopewa na kampuni ya intaneti inaanza kuelemewa: kila balbu imechukua anwani yake na imeshikilia mawasiliano yake na seva iliyo nje ya nchi. Nyingi hupokea amri kupitia seva hiyo, kwa hiyo kifurushi kikiisha, au wachimba mtaro wakikata faiba, taa ya sebuleni haikusikii tena hata ukiwa umesimama chini yake na simu mkononi. Vihisi navyo vinateseka, kwani Wi-Fi hula betri. Kihisi cha mlango cha Zigbee au Thread kinaweza kukaa mwaka na zaidi kwa betri ndogo ya CR2032. Tena vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme hupokezana ujumbe, ukafika hadi chumba cha nyuma ambako kuta za tofali za saruji zimeimaliza nguvu Wi-Fi.

Kuiweka redio hiyo ndani ya ruta si wazo geni. Google ilitoa ruta ya OnHub mwaka 2015 ikiwa nayo tayari, lakini haikuwahi kuiwasha kwa ajili ya vifaa vya nyumbani, na baadaye ikaacha kuihudumia ruta yenyewe. Mtu akinionyesha boksi linaloahidi kwamba huduma fulani itakuja na sasisho, namsimulia habari hiyo. Nunua kinachofanya kazi leo.

Sasa tuje kwenye Zigbee. Mtandao wake una mratibu mmoja, naye ndiye aliyeuanzisha na ndiye mwenye funguo. Mratibu akiwa ndani ya ruta, ukahama kampuni na kuwarudishia ruta yao, ameondoka na mtandao wote. Kila balbu, kila swichi na kila kihisi itabidi kifutwe na kuunganishwa upya, kimoja baada ya kingine, juu ya ngazi. Vipo vitovu vya kujitegemea vinavyokuruhusu kuhifadhi nakala ya mtandao na kuihamisha; kwenye ruta ya nyumbani usilitegemee hilo. Ndiyo maana mteja wa Zigbee namshauri abaki na kisanduku chake cha pembeni, chake mwenyewe, kisichohusiana na mkataba wa intaneti.

Kwenye Thread, kila kifaa kina anwani yake ya IPv6 (aina mpya ya anwani za intaneti), na kazi ya ruta ni kuwa mpakani: kupitisha pakiti, yaani vipande vya data, kati ya Thread na Wi-Fi. Mipaka inaweza kuwa mingi. Spika janja iliyo jikoni inaweza kuwa wa pili, na ruta ikizimika spika inaendelea na kazi. Tatizo la miaka ya mwanzo lilikuwa kwamba vifaa vya kampuni tofauti vilianzisha kila kimoja mtandao wake, nyumba ikawa na mitandao miwili ya Thread isiyojuana. Toleo la Thread 1.4 la mwaka 2024 liliweka njia ya pamoja ya kugawana funguo, na mwaka huohuo Matter 1.4, toleo la kiwango cha pamoja kinachowezesha vifaa vya kampuni tofauti kuelewana, ikaanzisha aina rasmi ya kifaa kinachounganisha ruta ya Wi-Fi na mpaka wa Thread. Kwangu hiyo ndiyo ruta ya kununua.

Lakini jihadhari. Kupitisha pakiti si kutoa amri. Ruta yenye Thread inaweza isiwe na uwezo wowote wa kuamua kwamba mlango ukifunguliwa usiku taa iwake. Kazi hiyo ni ya kidhibiti cha Matter, ambacho kinaweza kuwa kwenye spika, kwenye kompyuta ndogo yenye programu ya Home Assistant, au kwenye ruta hiyohiyo kama mtengenezaji amekiweka. Dukani uliza mambo yote mawili.

Kuna mipangilio ambayo mafundi wenzangu huiharibu kwa nia njema. Wanazima IPv6 kwa sababu kampuni ya intaneti haiitoi. Matter inaihitaji ndani ya nyumba hata kama nje haipo, iacheni. Wengine huweka vifaa kwenye mtandao wa wageni uliotengwa, kisha wanashangaa simu haivioni. Usalama wake utafute kwingine: badilisha nywila ya kiwandani na hakikisha ruta bado inapokea masasisho. Programu hasidi ya Mirai mwaka 2016 iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na ruta inayoshika pia vitasa vya nyumba yako ina mengi zaidi ya kupoteza.

Jambo la mwisho ni umeme. Ukikatika, ruta ikizima, kitovu nacho kimezima, na vihisi vya betri havina wa kumwambia kwamba mlango umefunguliwa. Funga mini UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia ruta umeme ukikatika. Ila soma kwanza lebo ya adapta: ruta nyingi ni za volti 12, lakini zipo za volti 9, na ukiipa volti 12 ruta ya volti 9 unaweza kuiunguza.